Vikebe vya Kokwa pale Al Mansoura

Kazi ilinirudisha Doha kwa siku chache, na jioni ya kwanza sikwenda kutazama majengo ya vioo wala ufuo. Nilipanda teksi nikamwambia dereva anipeleke Al Mansoura, nikaone nyumba tuliyokulia. Jengo halipo. Palipokuwa na ghorofa nne za rangi ya mchanga, na mitambo ya eisi ya kupoza vyumba ikiwadondoshea maji wapita njia, sasa ni uwanja wa kuegesha magari, wenye uzio wa mabati na kibanda cha mlinzi. Kilichobaki ni harufu tu, ya chai ya karak kutoka mkahawa wa pale kona, maziwa ya kopo yaliyochemka na iliki. Hiyo ilinitosha. Nilirudi miaka ya elfu mbili na kitu, nilipokuwa msichana wa miaka tisa mwenye cheo kikubwa kuliko umri wangu: mhesabu kokwa wa Kumi Bora.

Ngoja nikueleze, maana najua utauliza. Mama alikuwa nesi, na ndiye aliyetupeleka Doha. Baba aliendesha basi la kampuni, mojawapo ya yale meupe yanayowabeba wafanyakazi asubuhi kutoka kambi za Industrial Area na kuwarudisha jioni wakiwa hoi. Baba ni mtu wa Molo, kwenye baridi na kondoo, na kama watu wengi wa kwetu milimani alipenda muziki wa kantri kupita kiasi. Usinicheke. Nyanya alikuwa akisema zile ni nyimbo za watu wenye ng'ombe na mvua, na sisi kwetu tulikuwa na ng'ombe na mvua, basi. Doha hapakuwa na ng'ombe, na mvua ilikuja kama mgeni asiyependa kukaa.

Baba alikuwa akicheza nyimbo hizo ndani ya basi, na abiria, Wakenya na Waganda, wakaanza kubishana upi ni bora. Ubishi ukakolea. Siku watu wawili walipokaribia kushikana mashati kwa sababu ya wimbo wa farasi mzee, Baba akaamua kwamba kuanzia hapo watu watapiga kura. Akakusanya vikebe kumi vya maziwa ya karak, akavipanga kwenye sanduku la mbao nyuma ya kiti chake, akakifunika kila kimoja kwa karatasi yenye tundu na jina la wimbo; hiyo ndiyo ikawa Kumi Bora. Majina ya Kizungu yalitushinda, tukayapa yetu: Farasi Mzee, Lori la Usiku, Mvua ya Jumapili. Kura ilikuwa kokwa ya tende, kwa kuwa tende zilikuwa kila mahali, hata kambini. Mtu mmoja kokwa moja kwa wiki, na hakuna kuupigia kura wimbo uliouleta mwenyewe. Mwezi wa Ramadhani ulipofika na Waganda Waislamu wakapanda basi na mifuko iliyojaa kokwa, Baba alilazimika kusimamisha gari na kuwakumbusha upya sheria ya kokwa moja, na kicheko kilichotoka humo kilisikika barabara nzima.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Asubuhi nilifuta vumbi la mchanga madirishani, nikaosha vikombe, kisha Mama akaanza chapati. Wageni walifika baada ya kanisa, maana Doha hata ibada ya kanisa ilikuwa Ijumaa, na wengine baada ya msikiti, viatu vikajaa mlangoni mpaka jirani yetu Mganda, dada aliyefanya kazi hotelini Al Sadd, akaviita soko. Baba alileta lile sanduku na kupanga vikebe mezani, na waliokuwa hawajapiga kura kwenye basi walipiga pale. Mimi nikakaa sakafuni, nikamwaga kikebe kimoja kimoja kwenye sinia na kuhesabu, watu wazima wakinitazama kama ninayetangaza matokeo ya urais. Halafu nyimbo zikachezwa, kuanzia ya kumi.

Ule wa kwanza ulikuwa na heshima zake. Aliyeuleta alivishwa kofia ya Baba, kofia ya kaboi ya rangi ya kahawa aliyoitoa Nakuru, akasimama katikati ya sebule wote tukiimba naye, na Mama akampiga picha ya kupeleka nyumbani. Wimbo ukiisha, Baba alisema, "Umepata eksiti." Eksiti ni ile ruhusa ya kuondoka nchini ambayo kila mtu pale aliingoja. Wimbo ukishapata eksiti, sidii yake iliingia kwenye begi na haukuchezwa tena, si nyumbani wala kwenye basi. Nafasi yake ikachukuliwa na mwingine.

Sasa nikuletee askari. Hakuwa askari wa serikali. Alikuwa abiria wa Baba, mlinzi wa geti kwenye jengo moja la ofisi kule Al Sadd, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, mtu wa milimani kama sisi. Wimbo wake tuliuita Usifunge Geti. Ni wa mume aliye safarini anayemwomba mkewe asiwe anafunga geti la shamba, kwa kuwa hajui atafika saa ngapi. Alituambia mkewe hukama ng'ombe akiuimba. Alikuwa amemwahidi picha akiwa na ile kofia, na kila Ijumaa alikuja amepiga pasi shati lilelile la buluu, tayari kwa picha.

Kila Ijumaa akawa wa pili.

Wiki hii wa pili, wiki ijayo wa pili, nyimbo zilizokuja nyuma yake zikimpita na kupata eksiti. Mwanzoni alicheka. Kisha akaanza kutazama, na alichokiona hata mimi nilikiona. Mgeni anainuka na kokwa yake mkononi, anakwenda moja kwa moja kwenye kikebe cha Usifunge Geti, anakishika, anakitikisa sikioni, anakirudisha mezani taratibu, halafu anatia kokwa kwenye kikebe kingine. Si mmoja. Karibu wote. Hata Mama.

Siku moja tukiwa jikoni tukimenya vitunguu, askari alisema bila hasira, "Kule kazini watu wananipita kutwa nzima kama wanapita ukuta. Si mudiri mwenye ofisi, si mfagizi. Nilidhani hapa ni tofauti." Mama alikuwa sebuleni, hakusikia. Mimi nilisikia, nikamsogezea kitunguu kingine.

Ijumaa iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Kwenye basi alihamia kiti cha nyuma kabisa. Kisha jioni moja Baba akarudi nyumbani na sura ya mtu aliyegonga kitu barabarani, akatuambia aliyoambiwa na askari wakati wa kushuka: "Mzee, hiyo ngoma yangu itoe tu. Kikebe mpe mtu mwingine. Khalas, basi."

Mama aliacha mwiko kwenye sufuria. "Atoe nini? Ule wimbo? Kwani nani amemkosea?"

"Hapigiwi kura ya kushinda, nyabo," jirani akamjibu Mama kwa heshima ya Kiganda. Alikuwa amekuja kuazima unga.

"Na wewe mbona humpigii?"

"Mimi? Nikimpigia awe wa kwanza, si wimbo utapewa eksiti? Nitausikia wapi tena? Mimi hukitikisa kikebe tu. Nikisikia kuna za kutosha usianguke, naipeleka yangu kwingine."

Mama akaushika tena mwiko. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, kwamba hata yeye ndivyo alivyokuwa akifanya. Baba akakaa kwenye kiti na kuvua viatu polepole. Ikadhihirika kwamba basi zima ndivyo walivyofanya, kila mtu kivyake, kila mtu akidhani ni ujanja wake peke yake. Wimbo ulipendwa na nyumba nzima kiasi kwamba hakuna aliyetaka uende.

Nyanya yangu alikuwa amekuja kututembelea miezi ile, na joto lilikuwa limemfungia ndani, yuko kochini na shuka mabegani kwa sababu ya eisi. Tulidhani amelala. "Mnampenda mtu mpaka anahama," akasema. "Mwambieni." Baba akajitetea kwamba yeye ndiye mwenye kuendesha Kumi Bora, hawezi kuwaambia watu wapige kura vipi, sheria ni msumeno. "Wewe endelea na msumeno wako," Nyanya akamjibu, "mimi si mtu wa kampuni." Asubuhi akamwamuru ampandishe basi. Sikuwepo, lakini Baba amelisimulia jambo hili maisha yake yote: bibi mwenye leso mbili, anayejishikilia kwenye viti, anakwenda kutoka abiria hadi abiria na kikebe kimoja mkononi, akiwasemesha kwa Kiswahili cha Molo. Alikuwa amechagua siku ambayo zamu ya askari ilikuwa ya usiku, kwa hiyo hakuwemo.

Baba alimwambia askari aje Ijumaa achukue kikebe chake mwenyewe. Alikuja akiwa na fulana, si shati la buluu. Hakukaa. Alisalimia, akaenda mezani, akakishika kikebe na, kwa mazoea ya nyumba ile, akakitikisa.

Hakikulia.

Niliuona uso wake ukianguka. Nilitamani kupiga kelele. Kisha mkono wake ukahisi uzito. Akainua kifuniko cha karatasi, na kokwa zilikuwa zimeshindiliwa humo mpaka mdomoni, hakuna hata moja yenye nafasi ya kugonga mwenzake. Nyanya akamwambia kutoka kochini, "Debe tupu ndilo linalovuma, mwanangu. Hawa walikuwa wanakunyima kwa kukupenda. Wajinga tu."

Jirani akamweleza yaliyobaki, kuhusu eksiti na kutikisa, akicheka na kulia kwa pamoja. Askari alikaa kwenye mkono wa kochi. "Yaani mlikuwa mnauficha?" akauliza mara mbili. Mama akaenda kuleta shati la Baba la kola, maana picha haipigwi na fulana. Likambana mabegani. Kofia ikamkaa sawasawa.

Niliimba siku ile mpaka koo likaniuma. Wimbo ulipoisha hakuna aliyepiga makofi, kila mtu akimtazama Baba, tukitumaini kwamba mara hii tu atasahau. Baba alikohoa. Askari ndiye aliyeitoa sidii kwenye redio, akaifuta kwa pindo la shati la kuazima, akampa. "Upe eksiti, Mzee. Nyumbani kuna mtu anaungoja." Miezi michache baadaye mkataba wake uliisha, naye akaondoka. Mkewe alimtumia Mama ujumbe wa simu kwamba picha iko ukutani, juu ya redio.

Kumi Bora haikuuawa na mtu. Baba alibadilishiwa njia, jirani akahamia nchi nyingine, kisha simu zikaja na kila abiria akawa na nyimbo zake masikioni mwake. Siku hizi naweza kuusikiliza ule wimbo wakati wowote, ningetaka hata sasa hivi, na sijawahi. Nyanya ametutoka. Baba yuko Molo na kondoo wake, na nikimpigia huwa namwambia wazi kwamba nampenda, naye hukohoa vilevile na kuniuliza kama huku kuna mvua. Ninazikosa zile Ijumaa. Nakosa sauti ya kokwa ikidondoka ndani ya bati, na viatu mlangoni.

Nilipotaka kuondoka pale kwenye magari nilipita karibu na kibanda. Mlinzi alikuwa kijana, amevaa sare iliyomzidi, jina la kwetu kifuani. Siwezi kumpita mlinzi bila kumsalimia tangu enzi zile.

"Habari ya jioni, kaka."

Alishtuka, akasimama kabisa. "Salama, dada! Kumbe wewe ni wa nyumbani?" Akatabasamu, akatazama saa yake, na jua lilikuwa limekwisha kuzama. "Wallahi, wa kunisalimia leo, wewe ndio wa kwanza."