Blanketi la Baba Mdogo

Karani wa mahakama alinipigia simu nikiwa uani naanika mihogo, mikono yote imejaa unga. "Shikamoo Mwalimu," akasema. "Jina lako limepita. Umekuwa mzee wa baraza." Nikadhani ni wale matapeli wa "hela tuma kwenye namba hii", nikamkatia. Akapiga tena. Safari hii akanitajia kitongoji changu, mwenyekiti wangu, na shule ya Bunda niliyostaafia, ndipo nikafuta mikono na kumsikiliza kwa adabu.

Kwa asiyejua, wakati ule nilipoitwa mimi, hakimu wa Mahakama ya Mwanzo hakuwa anaketi peke yake. Alikuwa anaketi na wazee wawili wa baraza, raia wa kawaida wa eneo lile lile. Wanasikiliza kesi mwanzo mpaka mwisho, wanauliza maswali, halafu kila mmoja anatoa maoni yake, na neno la wengi kati yao watatu ndilo linakuwa hukumu. Kwa maana hiyo wazee wawili wakikubaliana, hata hakimu anashindwa. Karani aliponieleza hilo nilimwomba arudie.

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. "Yaani sasa utahukumu mpaka mahakamani? Mimi humu ndani rufaa nitakata wapi?" Nikamwambia rufaa zake zinasikilizwa jikoni kama kawaida.

Binti yangu anayekaa Nyasho, kule Musoma mjini, ndiye hakunipa nafasi ya kupumua. Aliniita, akanipeleka kwa fundi wake mtaa wa Mwisenge, nikapimwa suti ya kijivu. Nikamwambia, we mtoto, mimi siendi kuolewa. "Mama, unaenda kukaa mbele," akanijibu. "Watu watakuangalia wewe kutwa nzima." Basi nilipojiona kwenye kioo cha fundi, nilijipenda. Kwa nini nifiche? Nimesimama mbele ya watu maisha yangu yote nikiwa na chaki mkononi, lakini hakuna hata siku moja mtu aliyeniuliza haki ni ya nani. Sasa Serikali nzima inaniuliza. Niliivaa ile suti mgongo umenyooka, na bodaboda aliyenipeleka mahakamani pale Butiama nilimwambia aendeshe polepole, asinirushie vumbi.

Kesi ninayotaka kuisimulia ni ya mirathi. Mama mmoja mtu mzima alikuwa amefariki, mjane wa siku nyingi ambaye hakujaliwa kuzaa. Aliacha nyumba ya bati, shamba la mtama na mihogo, na ng'ombe wachache. Shemeji yake, yaani mdogo wa marehemu mumewe, alikuja mahakamani kuomba awe msimamizi wa mirathi, na akajiandika kuwa yeye ndiye mrithi, kwa sababu marehemu hakuacha mtoto. Aliyempinga alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, aliyevaa kanga mbili na kandambili. Huyu alikuwa ameolewa na yule mama aliyefariki.

Watu wa mbali wasishtuke. Huku kwetu Mara kuna mila ya zamani tunaiita nyumba ntobu. Mwanamke aliyekosa mtoto anatoa ng'ombe na kuoa msichana. Si mambo ya kitandani hayo, ni mambo ya mji, yaani kaya ya ukoo, kuendelea kuwa mji. Msichana anazaa na mwanamume ampendaye, na watoto wanakuwa wa nyumba ile, wanabeba ukoo wa mume wa yule mama. Huyu mwanamke mwembamba alikuwa amezaa wanne. Mkubwa ni binti, ameshaolewa Bunda, mtaa wa Nyasura. Watatu waliobaki bado walikuwa wanasoma. Shemeji akishinda, mama na watoto hao watatu wanatoka katika nyumba ile na vyombo vyao kichwani. Hapakuwa na sehemu nyingine ya kwenda. Kwao alikozaliwa wazazi walishakufa, na kaka zake hawakutaka hata kumsikia.

Hakimu alikuwa kijana wa pwani, mpole, anaongea Kiswahili kile cha kuteleza. Alitwambia mapema kabisa, mimi na mzee mwenzangu: "Wazee wangu, mila hii mimi siijui. Nisije nikaisemea uongo. Nawategemea nyinyi." Nilimpenda kwa maneno hayo. Mzee mwenzangu alikuwa mstaafu wa kiwanda cha pamba cha Bunda, katekista, mtu wa msimamo. Akakunja uso. Tulipotoka kunywa chai akaninong'oneza, "Mwalimu, hayo mambo yalikuwaga ya zamani. Sisi ni Wakristo. Mwanamke anaoa mwanamke, wapi na wapi?"

Nikamwambia maneno ya kesi hatuongei kwenye chai. Ila aliniacha na mzigo, nasema kweli. Mimi mwenyewe ni Mkatoliki, Jumapili siti ya mbele, na mila ile siipendi hata kidogo. Nilifundisha wasichana miaka mingi, nimewaona waliotolewa shuleni wakapelekwa kwa namna hiyo bila kuulizwa. Nikawa najiuliza, nikimpa haki huyu mama, si ndiyo naibariki ile mila? Na nikimnyima, nani atakuwa ameadhibiwa? Mila haina mtoto wa kulala nje. Yeye anao watatu. Nilikunywa chai yote bila kujua kama ina sukari.

Shemeji alitoa ushahidi wake kwa raha zake. Mtu mkubwa wa mwili, koti, kofia ya pama ameishika mkononi, sauti ya kujaa chumba. Alisema yule mwanamke alikuwa mfanyakazi tu wa ndani. "Shemeji yangu alimchukua amsaidie kuteka maji. Ikawa anazaa zaa hovyo, tukamvumilia. Hao watoto si wa ukoo wetu, Mheshimiwa. Siwajui mimi." Watu wake kwenye mabenchi wakacheka. Yule mwanamke aliinamisha kichwa. Laiti ingekuwa darasani, yule shemeji angesimama kona mpaka kengele.

Zamu ya mwanamke ilipofika alieleza kwa sauti ndogo hivi, mpaka hakimu akamwomba apandishe. Ng'ombe zake zilitolewa, alisema, lakini waliozishuhudia wengi wameshafariki. Cheti hana. Picha hana. Shemeji akamdaka hapo hapo: "Shahidi wako yuko wapi? Mlete!" Hakuwa na wa kumleta. Kaka zake aliwapigia simu, hawakupokea. Mzee mwenzangu alitikisa kichwa taratibu, na nikaona kabisa kesi inaelekea wapi. Mambo yalikuwa yanaharibika.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinanikera tangu yule mwanamke ataje binti yake wa Nyasura. Binti ameolewa, na ng'ombe wametolewa, amesema mwenyewe. Sasa jamani, huku kwetu mahari inapokelewaje? Wakwe wakifika na ng'ombe wao, hawapokelewi na mama. Hata awe nani. Lazima akae mwanamume wa ukoo, baba wa binti, na kama baba hayupo basi baba mdogo. Huyo ndiye anayevalishwa blanketi mbele za watu, na mbuzi wake anatajwa. Bila yeye wageni wanarudi na ng'ombe wao. Mimi nimekaa kwenye shughuli hizo mara zisizo na idadi, nimepika, nimepakua, nimegombana na watu wa kamera. Najua.

Nikanyanyua mkono. "Mheshimiwa, nina swali kwa mwombaji."

"Karibu, Mama."

Nikamgeukia shemeji. Nililainisha sauti, ile sauti ninayoitumia kwa mwanafunzi anayejiona. "Baba, shikamoo. Naona wewe ni mtu mkubwa kwenye ukoo wenu."

"Marahaba, Mwalimu. Mimi ndiye nimebaki. Hakuna jambo linafanyikaga pale bila mimi."

"Hata shughuli za harusi?"

"Hata harusi! Wataanzaje bila mimi?"

"Na huyu binti wa Nyasura, siku wakwe zake wanaleta ng'ombe, aliyekaa kuwapokea ni nani?"

Alijipiga kifua. Wallahi, alijipiga kifua. "Ni mimi! Nani mwingine? Wale watu walikuja na maneno mengi, nikawanyamazisha."

"Hongera baba. Na blanketi alivalishwa nani?"

"Mimi. Blanketi zito kabisa, la—" Akaishia hapo hapo. Macho yakaanza kutafuta mlango.

Sikumpa nafasi. "Blanketi la nani, baba? Maana kwa mila yetu blanketi lile lina mwenyewe."

Bibi mmoja nyuma kabisa, hata simjui, akapayuka, "La baba mdogo!" na chumba kizima kikalipuka. Hakimu akagonga meza, akamwonya bibi, lakini niliona anauma mdomo wa chini asicheke. Akamwomba shemeji ajibu swali. Shemeji akasema, kwa sauti ambayo sasa haikujaza hata kikombe, kwamba lilikuwa la baba mdogo.

"Na mbuzi?" nikauliza.

"Nilimpokea."

"Basi, Mheshimiwa. Sina swali lingine."

Watu wanadhani nilikuwa mtulivu, kumbe wapi! Moyo ulikuwa unapiga kama wa mtoto anayesubiri matokeo.

Siku ya maoni tuliketi watatu chumbani kwa hakimu. Alianza kumuuliza mzee mwenzangu. Mzee alianza kuzungusha rozari yake kidoleni, nami nikawa najiandaa kwa ubishi. Niliyapanga maneno usiku mzima. Nilitaka kumwambia kwamba hatukuulizwa kama mila hii inatupendeza, tumeulizwa kama watoto hawa ni wa nyumba ile. Hakunipa nafasi.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi ndoa ya namna ile siipendi mpaka kesho. Nitaipinga kanisani, nitaipinga njiani. Lakini huyu mtu alivaa blanketi mbele ya wageni, na mbuzi akamla. Mimi pia nimekuwaga baba mdogo. Ukishavaa umesema kwa watu wote kwamba huyu ni mtoto wetu. Na kama dada mkubwa ni mtoto wetu, wadogo zake wa tumbo moja ni wa nani? Watoto ni wa mji ule. Mama yao akae alee wanawe."

Nilitamani kumkumbatia yule mzee, pamoja na ukali wake wote. Hakimu akanigeukia. Ule mhadhara wangu wote ukayeyuka, nikasema tu, "Ninakubaliana na mzee mwenzangu," na sauti ikanikatika katikati. Hakimu akajifanya anatafuta kalamu mpaka nikakaa sawa. Kisha akasema na yeye anaona hivyo hivyo. Tukatia saini, mmoja baada ya mwingine. Saini yangu niliiandika kwa mwandiko wa ubaoni, kubwa, inayosomeka, mtu yeyote akiifungua aone kwamba nilikuwepo.

Hukumu ikasomwa mbele ya watu. Watoto ni warithi. Mama yao ndiye msimamizi wa mirathi. Mzee mwenzangu alikaa wima upande wa pili wa hakimu, mimi huku, na ninasema bila aibu kwamba sijawahi kujivuna hivyo. Nimepata vyeti, nimepongezwa na maofisa elimu, wanafunzi wangu wengine ni wakubwa huko. Vyote hivyo ni vizuri. Lakini siku ile watoto watatu walikuwa na mahali pa kulala, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosema.

Nje, watu walikuwa wanatawanyika taratibu. Nilisimama kivulini nikimsubiri bodaboda wangu. Shemeji alikuwa kwenye ngazi, kofia ameshaivaa, anajaribu kurudisha ukubwa wake. Plau yake, lile jembe la kukokotwa na ng'ombe, ilikuwa bado sebuleni kwa yule mwanamke. Aliiingiza wiki ile ile ya matanga bila kumuuliza mtu, na tangu hapo akawa anaingia na kutoka ndani ya nyumba ile anavyotaka, mama akiwa anavaa, watoto wakiwa wanakula. Sasa akamwita yule mwanamke kwa ile sauti yake ya zamani: "Wewe! Kesho asubuhi nakuja kuchukua plau yangu."

Yule mwanamke akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, nilimwona akimtazama usoni.

"Karibu sana, shemeji," akamwambia. "Ila ukifika, piga hodi."