Kompyuta ya Mizani Iliyoona Nusu ya Memori

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, enzi zile miwa ilipofunika kila shamba kutoka Matungu hadi Ekero, nami nikiwa msichana pekee katika chumba cha kompyuta cha kiwanda cha sukari.

Tulikuwa tumeletewa programu mpya ya kupimia miwa, nayo ilitaka memori mara mbili ya ile tuliyokuwa nayo. Tukachomeka kijiti kipya cha memori kando ya kile cha zamani. Tulipoiwasha kompyuta, ikahesabu memori yake ikaishia nusu, na programu ikagoma kufunguka. Nje, foleni ya matrekta ilikuwa imefika barabarani, miwa ikinyauka juani. Trela mojawapo ilibeba miwa ya mama yangu.

Mkubwa wetu, Bwana Makokha, alikuwa ameshakata shauri. "Kijiti kipya ni kibovu. Tukirudishe Nairobi."

"Hatujui bado, mzee," nikasema. "Niruhusu nikijaribu peke yake."

"Na ukiharibu mashine?"

"Nitamwambia meneja mwenyewe kwamba ni mimi."

Alinitazama kidogo, kisha akanipa bisibisi.

Nilizima kompyuta, nikachomoa waya, nikagusa chuma cha kasha ili umeme wa mwili wangu usiunguze kitu. Nikakiweka kijiti kipya peke yake katika nafasi ya kwanza ya kuchomekea. Kikasomwa vizuri. Basi hakikuwa kibovu. Nikazima tena, nikaweka cha zamani, ambacho sote tulijua ni kizima, katika nafasi ya pili. Kompyuta ikaona kile kipya tu. Hapo nikajua tatizo liko kwenye nafasi ya pili yenyewe. Nikaimulika kwa tochi: vumbi la makapi ya miwa lilikuwa limegandia ndani. Nililisugua polepole kwa brashi laini na spiriti, nikangoja pakauke, nikavirudisha vijiti mpaka vikashika, nikawasha kompyuta.

Bwana Makokha aliinama kando yangu huku hesabu ikipanda kwenye kioo. Ikapita nusu. Ikafika mwisho.

Alitoka nje, nami nikimfuata, akawaambia madereva, "Leteni trekta ya kwanza. Ni Nekesa amefungua mashine. Huyu hakatangi tamaa."

Mama alikuwa kando ya trela. Alirekebisha kitambaa chake kichwani, akasimama wima kama mtu anayepigwa picha.

"Mimi ndiye mama yake," akamwambia dereva, ambaye hakuwa amemuuliza.

Mwanangu, mpaka leo nikikumbuka sauti ile kifua hunijaa.

Basi kitu kikikataa, usikilaumu kabla ya kukijaribu. Badilisha kimoja, utazame, ndipo uguse kingine. Na ukiijua kazi yako, sema, hata kama mkubwa ameshaamua. Sema kwa heshima, halafu uifanye. Mungu akutulizie mikono, akufungulie macho, na akujalie mtu wa kujivunia jina lako mbele za watu.