Jina Nililolikataza Kaburini

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu, na si kwa kupenda. Nitakusimulia leo kwa sababu juzi nilikusikia ukimwambia mwenzako, huku unacheka, jinsi ninyi vijana mlivyomwandama yule mzee wa parokia kwenye simu zenu mpaka akaacha kuja misa. Ulisema mnasafisha jamii. Neno hilo nalijua vizuri. Mimi pia nilisafisha.

Wakati ule nchi yetu ilikuwa inaitwa Zaire. Nilikuwa na miaka ishirini, mwalimu mpya katika shule ya msingi pale Musonoi, kando ya mashimo ya shaba. Redioni kulikuwa na neno moja kutwa: Otantisite. Tulielezwa kwamba maana yake ni kurudi kwenye asili yetu. Wanaume walivua tai wakavaa abakosti, lile koti la kufunga mpaka shingoni. Bwana na bibi vikafutwa, sote tukaitana sitwayeni, yaani raia. Majina ya ubatizo yakakatazwa. Mimi niliyebatizwa Bernadeta nikabaki Ngoie, jina la kambo yangu, mama mzaa baba.

Sitakudanganya kwamba yote yalikuwa mabaya. Nilikuwa nimekua nikiona vya kwetu vinadharauliwa, na niliposikia vina thamani, kifua kilinijaa. Hata leo bado nasema, mwacha asili ni mtumwa. Methali haikuwa na kosa, mwanangu. Kosa lilikuwa katika midomo iliyoitumia, na wangu ulikuwa mmoja wao.

Nilikuwa na sauti kubwa na Kifaransa cha kutosha, kwa hiyo vijana wa chama tawala wakanichagua niwe kiongozi wao shuleni. Asubuhi nilisimamisha watoto mistari, wakaimba na kucheza mbele ya bendera. Kisha nikaita majina, na darasa likanyamaza, maana watoto walikuwa wamesahau majina yao mapya. Nilimwadhibu kila aliyeitika kwa jina la zamani. Jumamosi tulipeleka habari kwa sekretere, katibu wa chama wa Musonoi, kijana aliyekuwa ametumwa kwetu kutoka mbali: nani amesema nini, nani amemwitaje mwanawe.

Nyumbani mambo yalibadilika nami sikutaka kuyaona. Baba alikuwa na desturi ya kuomba kwa sauti kabla ya kula. Akaacha. Mama na wadogo zangu walikuwa wakizungumza jikoni, nikiingia wanakohoa na kushika vyombo. Jioni moja nilimsikia mama akimwita mdogo wangu Tereza, akaniona mlangoni, akaliuma jina katikati. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekutana na askari. Nilijiambia kwamba wananiheshimu.

Sasa akafa Tata Mwamba, yaani Baba Mwamba, jirani yetu, mchimbaji wa miaka mingi, aliyeugua kifua mpaka akabaki mifupa. Watu wote wa mtaa walimwita Tata Petro. Mkewe, Mama Mwamba, alikuwa rafiki wa mama yangu. Aliyeongoza mazishi alikuwa katekista wetu, Tata Kalenga, fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya mgodi. Mtu mpole, mwenye mikono iliyojaa makovu ya cheche. Ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa kidole chake kwenye katekisimu, kabla sijaingia shule.

Asubuhi ya mazishi sekretere aliniita ofisini. Akaniambia watu wa dini wanatumia makaburi kuivunja sheria, na kwamba anataka kuona kama mimi ni mwanamapinduzi wa kweli au wa kitenge tu, maana nilikuwa nimevaa kitenge chenye picha ya Kiongozi wa nchi. Maneno yale yalinichoma. Nilitoka pale nimeshakata shauri.

Tulifika makaburini saa nane, jua kali, vumbi jekundu limetushika mpaka kope. Jeneza likashushwa. Tata Kalenga akakunja kofia yake, akainama kidogo juu ya shimo, akaanza kwa sauti ya chini kama anayemwamsha mgonjwa: Petro.

Nikapita mbele ya watu. Nilisema kwa Kifaransa, ili ionekane nimesoma, kwamba jina hilo limekatazwa na kwamba sitwayeni Kalenga arudie upya, kwa jina la asili ya marehemu. Mama Mwamba alikuwa ameshika udongo mkononi, hakuutupa wala hakuuachia. King'ora cha mgodi kikalia, maana ilikuwa saa ya kupasua miamba. Baruti ikapiga, ardhi ikatetemeka chini ya miguu yetu, na vipande vya udongo vikaanguka wenyewe juu ya jeneza. Hakuna aliyesogea. Wote walikuwa wanamtazama Tata Kalenga.

Yeye alinitazama mimi. Hakukasirika, na heri angekasirika. Akageukia kaburi tena.

“Petro,” akasema, “tulikuitaka hivi wakati ulikuwa muzima. Enda na amani.”

Jioni ile niliandika ripoti. Kurasa mbili, mwandiko mzuri wa mwalimu. Kesho yake, wafanyakazi wakiingia karakana, watu wawili walimsubiri Tata Kalenga mlangoni. Walimchukua na nguo zake za kazi.

Nilifikiri nitasikia fahari. Kwa siku tatu kila nilipopita mtaani watu walinisalimia kwa adabu kubwa, sitwayeni, sitwayeni, na nyuma yangu wakawaita watoto wao ndani. Mchuuzi wa mihogo hakutaka pesa yangu. Alinipa bure, akaanza kufunga biashara yake. Hiyo si heshima, mwanangu. Mtu akikupa bure kwa kukuogopa, amekuhesabu pamoja na wanyama wakali.

Siku ya nne kambo yangu akashuka kwenye treni iliyotoka Mutshatsha, alikoishi. Nani aliyempelekea habari sijui, nadhani baba, ambaye mwenyewe hakuthubutu kunisemesha. Kambo Ngoie hakuwa Mkristo. Hakubatizwa maisha yake yote. Alikuwa mtu wa mila, mkunga, mwenye kujua dawa na majina ya ukoo mpaka vizazi vya mbali. Nikajiambia, huyu angalau atanielewa. Si ninatetea mambo yake?

Alikataa maji ya kuoga, akakataa chakula. Akaniambia nikae chini, mbele yake, nami nikakaa.

“Bankambo benye munaita kila siku ku redio,” akasema, maana yake wahenga wetu, “mi nilibajua. Nilibapikia. Unionyeshe mumoja tu, mwenye alienda kupiga kelele ku kaburi ya mwenzake.”

Nilijaribu kueleza habari ya sheria, habari ya wakoloni. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akasema taratibu kwamba kwetu maiti huitwa kwa majina yote aliyoitwa akiwa hai, lile la mama yake, lile la marafiki, hata la utani, ili asiondoke nusu. Kama Mwamba aliitwa Petro na watu waliompenda, basi Petro nalo ni jina lake. Hakuna mkubwa wa nchi aliyempa, wala hakuna awezaye kumnyang'anya.

“Na hiyo jina unabeba, Ngoie, ni yangu. Mi nilikupa mu mikono ya mama yako. Kama unataka kuitumia kwa kufunga bazee, unirudishie. Utafute ingine.”

Mwanangu, nimekemewa mara nyingi maishani, lakini siku ile nilisikia kama nimevuliwa nguo sokoni. Nililia. Hakunibembeleza. Aliniambia machozi ni ya bure, miguu ndiyo ya kazi, na akasimama.

Tulikwenda kwanza kwa mke wa Tata Kalenga. Alikuwa anatwanga uani. Nilipiga magoti, nikamwambia nimekuja kuitafuta njia ya kumrudisha mumewe. Hakuacha kutwanga. Alisema tu kwamba siku tatu amepeleka chakula kwenye mahabusu na mara zote kimerudishwa. Kambo akanishika bega akanisimamisha, tukaenda ofisini.

Sekretere alitupokea kwa tabasamu. Lilipotea nilipomwambia nimekuja kuifuta ripoti yangu. Akafunga mlango. Aliniuliza kama najua maana ya maneno hayo. Nikisema ripoti ni ya uongo, nimekidanganya chama, na adhabu yake ni yangu. Nikisema ni ya kweli, basi mzee abaki pale alipo. Aliisukuma karatasi na kalamu mbele yangu, akanipa nichague. Kalamu ya kushitaki ilikuwa nyepesi sana, mwanangu. Hii ilikuwa na uzito wa nyundo.

Kambo akaomba ruhusa ya kusema. Alimwita yule kijana tata, kwa heshima yote, akamwuliza kama yuko tayari kuandika jina lake mwenyewe juu ya karatasi hiyo, kwamba maiti amekatiziwa jina lake kaburini kwa amri yake, ili likitokea jambo baya katika ukoo wa Mwamba watu wajue wa kumwendea. Hakumtisha. Aliuliza kama mtu anavyouliza bei ya chumvi. Yule kijana, ambaye kila siku alituhubiria mambo ya wahenga, alitoa leso akafuta shingo.

Niliandika. Sikuandika kwamba nilidanganya, maana ningekuwa nadanganya mara ya pili. Niliandika kwamba mzee alimuaga marehemu kwa jina alilojulikana nalo, kama mila ya kwetu inavyotaka, na kwamba mimi, kwa ujinga wa ujana, niliita mila hiyo uasi. Nikatia sahihi. Sekretere aliisoma mara mbili, akasema tuondoke.

Siku saba zikapita bila jibu, na kila gari lililosimama karibu na nyumba yetu lilinipeleka dirishani. Siku ya nane Tata Kalenga alirudi kwa miguu, ndevu zimeota nyeupe, na sikio moja halikusikia tena mpaka alipokufa. Mimi niliondolewa katika uongozi, nikahamishiwa shule ya mbali, huko Mutshatsha, ambako nilifundisha miaka kumi na mmoja. Nililipokea hilo kama mtu anayepewa maji.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kwa Tata Kalenga. Ilinibidi kusogea upande wa sikio zima ndipo anisikie, na nikaomba msamaha kwa sauti mpaka majirani wakajua. Aliniambia yeye hana kitu moyoni. Kisha akaongeza kwamba hakuwa yeye niliyemkatiza siku ile, niende kwa Mama Mwamba.

Nilikwenda. Nilinyoosha mikono yote miwili. Mama Mwamba aliitazama, akaingia ndani, akafunga mlango polepole, bila hasira. Nilirudi mwaka uliofuata, na uliofuata tena. Alikufa bila kuipokea salamu yangu. Maji yakimwagika hayazoleki, watu husema, na hudhani ni methali ya kujifariji. Mimi nimeishi ndani yake.

Yule sekretere naye? Upepo ulipogeuka, miaka mingi baadaye, nilimwona kanisani benchi la mbele, akiitwa kwa jina lake la ubatizo, na hakuna aliyemwuliza kitu. Ngoma ivumayo haikawii kupasuka, lakini mpigaji huwa ameshachukua ujira wake na kwenda. Wanaobaki na ngoma iliyopasuka ni sisi tuliocheza.

Sasa nisikilize. Leo mna mabishano yenu: nani mwenye mji na nani mgeni, mila ipi ifutwe, mzee gani aaibishwe, sala ipi imepitwa na wakati. Sikukatazi kuwa na maoni. Mimi mwenyewe ninayo, na ni ya kizamani: naamini kwamba nyumba ya mtu, jina la mtoto, sala ya mezani na maziko ya mfu ni vitu ambavyo amri na kelele za umati havina ruhusa kuvigusa. Tulivikuta, tulipewa tuvitunze. Kama kimoja kina kasoro, kaa na waliokitunza, uliza, vumilia, rekebisha polepole kama unavyotoa mwiba mguuni mwa mtoto. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na yeyote akija kukuambia kwamba unaitetea asili kwa kumdhalilisha mzee wako, au unaleta maendeleo kwa kumdhalilisha mzee wako, jua ni mtu yule yule aliyebadilisha koti.

Kabla hujaandika neno juu ya mtu, jiulize kama ungeweza kumwambia ukiwa umekaa mbele yake, mkewe akisikia. Na kama umeshaandika, kama lile la juzi, usingoje. Mzee yule wa parokia bado yu hai, na mlango wake bado haujafungwa. Nenda leo. Nenda kwa miguu yako, si kwa simu.

Mungu wa babu zetu, ambaye kambo yangu alimjua kwa jina lake na mimi kwa lingine, akupe ulimi mzito wa kushitaki na goti jepesi la kuomba radhi. Akupe wazee wa kukukemea nawe ukiwa bado unasikia. Uende salama, mwanangu, na ukute mtu nyumbani.