Filamu Niliyomfasiria Mama

Mama hajui Kiingereza na hana nia ya kukijua. Kiarabu chake kinatosha sokoni hapa Sib, nchi ya Waarabu tunakoishi, na kwenye misiba, Kiswahili chake ndicho kinachoendesha nyumba, na yanayobaki yote ni kazi yangu. Ujumbe wa benki namsomea mimi. Karatasi za dawa namsomea mimi. Na filamu, ambazo anazipenda kupita kiasi kwa mtu anayezilaani kila siku, namfasiria mimi, nimekaa kwenye zulia karibu na goti lake, nikimwambia kwa sauti ya chini kila mtu anasema nini. Zamani alikuwa akisoma maandishi ya Kiarabu yanayopita chini ya picha. Tangu sukari imharibu macho, anasema anayaona kama sisimizi, na sisimizi hawasomeki.

Si kazi rahisi kama watu wanavyodhani. Mama hataki muhtasari. Nikisema "wanagombana," napigwa kofi dogo la bega: "Wanagombana, wanasemaje?" Wakibusiana, nasema wanaagana, naye anageuza uso ukutani mpaka wamalize kuagana. Hilo tumelizoea, na hakuna anayeliita uongo.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, ana wazimu mmoja tu, kuteleza kwenye theluji. Anayesikia hucheka. Sisi tunakaa Mabela, ambako wakati wa joto usukani wa gari unaushika kwa kitambaa. Lakini hapa hapa Mabela kuna moli, jengo kubwa la maduka, na ndani yake wamejenga ukumbi wa theluji ya mashine, wenye kilima chake na baridi yake. Alikwenda mara ya kwanza kwa mzaha na wenzake wa chuo kutoka Al Khoudh. Mzaha ukageuka kazi. Sasa anafundisha watoto kusimama juu ya zile mbao mbili za kutelezea bila kulia, na wateja wakishaondoka anabaki peke yake kuteremka kile kilima kifupi, kupanda, kuteremka tena. Anarudi nyumbani pua nyekundu, jaketi juu ya abaya, na sisi tunatoka jasho. Mama humwita binti wa friji.

Aliyemtia wazimu huo ni kijana wa filamu. Ni filamu ya zamani, ya wakati rangi za picha zilikuwa bado zimepauka, juu ya kijana wa kijiji cha milimani anayetaka kuwa wa kwanza duniani kwa kuteremka. Kijana mwenyewe hana adabu. Hamsikilizi mwalimu wake, hawapendi wenzake wa timu, hacheki ila akishinda. Mimi nisingemkaribisha hata kahawa. Mdogo wangu anampenda kama watu wanavyompenda ndugu mkorofi, na filamu nzima anaijua kwa moyo, kila neno na kila mlango unaofungwa.

Basi mwaka huu ukamjia mwaliko. Klabu moja ya Ulaya ilikuwa imeona video zake, ikamwita kwa msimu mzima wa baridi, mazoezi kwenye milima ya kweli na mashindano mwishoni. Gharama zote ni zao. Walitaka jibu ndani ya wiki moja. Kwa umri wake angeweza kukubali na kufunga mizigo. Lakini kwetu mtu haondoki hivyo. Unakwenda kwa mama, unakaa chini mbele yake, unasema, "Mama, niridhie." Akikuridhia umekwenda. Asipokuridhia, hata ndege ikiruka nawe, bado hujaondoka. Radhi ni bora kuliko mali, wamesema waliotutangulia, na mdogo wangu pamoja na jeuri yake yote ya kilimani analiamini hilo kuliko mimi.

Mama hakusema ndiyo wala hapana.

"Kwanza nioneshwe hiyo barafu yenyewe," alisema. "Hiyo filamu yako. Nijue watoto wa watu wanakwenda kufanya nini huko."

Mdogo wangu alifurahi kama amekwisha kubaliwa. Ijumaa moli hujaa na yeye hapati ruhusa, kwa hiyo baada ya chakula cha mchana aliiweka filamu tayari kwenye televisheni, akampangia mama mito mgongoni, kisha akaniinamia.

"Dada, mfasirie vizuri. Usirukeruke."

"Nenda zako kazini, barafu yako inayeyuka," nikamwambia. Akacheka, akanibusu kichwani, akatoka.

Nitasema nilivyokuwa moyoni, kwa sababu bila hilo yaliyofuata hayana maelezo. Niliogopa kuachwa. Nilirudi kwa mama baada ya talaka yangu, na tangu hapo siku zangu ni kazi, hospitali, jikoni, zulia. Sauti ya mdogo wangu mlangoni jioni, na viatu vyake anavyoviacha njiani nikivigombeza, ndiyo furaha niliyokuwa nayo. Niliwaza, akienda msimu mmoja atakwenda wa pili, na huko atapata mume mwenye mlima wake. Nitabaki mimi na mama na kiyoyozi kinachonguruma. Na wivu ulikuwepo pia. Mimi sikuwahi kuitwa popote.

Nilianza kwa uaminifu. Mama alimpenda yule kijana tangu alipoanguka mara ya kwanza. "Masikini, mwana wa watu! Hana mtu wa kumwambia avae kofia?" Alipokuwa akiteremka kwa kasi, mama alinishika mkono na kusoma dua. Nikamwona uso wake umekunjuka, macho yake mabovu yanamfuata yule mtoto chini ya mlima, na nikajua kabisa kwamba kwa mwendo huu atamridhia mdogo wangu.

Kisha ikaja sehemu ya stesheni. Baba yake yule kijana ni mkuu wa stesheni ndogo ya treni, mzee wa maneno machache. Kijana anakuja kumuaga. Mzee hainui hata kichwa, anaendelea kugonga muhuri kwenye tiketi, na theluji inaingia ndani. Anasema maneno mawili tu, afunge mlango. Basi. Kijana anafunga mlango, anakwenda zake.

"Kasemaje?" mama akauliza.

Sikupanga, wallahi. Mdomo ulitangulia.

"Anamwambia, mimi mgonjwa, mwanangu. Ukitoka kwa mlango huo, ukirudi hutanikuta."

Mama akaguna. "Lo! Kizungu chao kifupi, lakini kinabeba mengi."

Ningeweza kucheka, nikarudi nyuma, nikasema nimekosea. Sikurudi. Na njia ya mwongo ni fupi kweli, maana hatukwenda mbali nikafika mwisho wake. Kijana anashinda mashindano makubwa. Watu wanampigia makofi, wanambeba. Halafu yuko peke yake hotelini, simu inalia, anasikiliza, anaiweka chini polepole, anatazama dirishani. Anachoambiwa ni kwamba gari itamfuata alfajiri kwa mashindano mengine. Hayo tu. Anatazama dirishani kwa sababu amepata alichokitaka na hakimtoshi, nadhani. Hakuna neno linalosemwa, na pasipo na neno mfasiri ni mfalme.

"Anaambiwa baba yake amefariki," nikasema. "Kafariki wakati yeye yuko mlimani."

Mama alishika kifua. Filamu ilikwisha, majina yakapanda, yeye bado anatazama kioo. "Hata kumzika hajamzika," akasema. Akaomba maji ya udhu, akasali Alasiri, akakaa juu ya msala muda mrefu kuliko kawaida yake. Mimi nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Mdogo wangu alirudi baada ya Magharibi, na jaketi lake hakulivua. Alikaa chini mbele ya mama papo hapo, magoti yakigusa zulia, akitabasamu.

"Umeiona, mama?"

"Nimeiona. Dada yako kanifasiria yote, Mungu amlipe. Nzuri. Yule mtoto hodari, na wewe nakuona ndiye yule yule, kichwa kigumu hivyo hivyo." Mama akamshika mashavu. "Lakini radhi ya kwenda sina, mwanangu. Nna umri huu, nna sukari hii. Sitaki uje ukaambiwa kwenye simu, kama yule."

"Kama yule nani, mama?"

"Yule wa barafu. Si kapigiwa simu kule hotelini kaambiwa babake kafa? Ushindi wake wote umemfaa nini?"

Mdogo wangu hakugeuka upande wangu haraka. Kwanza alimtazama mama. Kisha alinitazama mimi, niliyesimama mlangoni na sinia ya kahawa, na nikaona tabasamu lake linaondoka, taratibu, mpaka likaisha. Ilimtosha kusema neno moja. Mama angeghadhibika na mimi, na kwa ghadhabu ile ile angemridhia yeye, pengine usiku ule ule. Nilingoja alitamke. Naapa nilitaka alitamke.

"Ndiyo, mama," akasema. "Pale panasikitisha."

Akambusu mama mkono, akainuka, akaenda uani kuanua nguo. Nikamfuata. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Alikuwa anakunja mashuka kwa upole, pembe kwa pembe, anavyokunja mtu mwenye muda.

"Namwambia sasa hivi," nikasema. "Naingia ndani namwambia."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba nimesema uongo. Kwamba mzee alisema tu funga mlango."

"Halafu? Juma lijalo ana miadi ya macho. Daktari akisema neno, nani atamfasiria? Wewe? Atakuamini?" Alinipa pembe mbili za shuka nizishike, kama tulivyozoea, nikazishika. "Atataka nimsomee mimi dawa zake, nimpeleke mimi hospitali. Nitabaki tu, dada. Basi bora nibaki huku mama bado ana watoto wawili."

Nikalia. Yeye hakulia. Aliichukua shuka mikononi mwangu, akaimaliza kuikunja, akaiweka juu ya nyingine.

"Baba yake alikufa kwa maradhi gani?" akauliza.

Sikumwelewa.

"Yule mzee. Mama ataniuliza, unamjua. Tusije tukapishana."

"Moyo," nikasema.

"Haya. Moyo."

Kesho yake aliwajibu wale watu wa Ulaya kwa simu, amesimama jikoni anangoja chai ya maziwa ichemke. Aliwashukuru sana. Baadaye alinikumbusha kwamba sukari ya wageni imekwisha. Tangu siku ile hajanitolea neno baya hata moja, na ningemshukuru angenitolea, maana upole wake nashindwa kuuweka mahali. Anakwenda kazini, anarudi na pua yake nyekundu. Viatu anaviweka pembeni sasa, vimepangwa vizuri, na mimi sina cha kugombeza.

Siku ya miadi nilimpeleka mama hospitali. Daktari wa macho ni Mhindi, mpole, anazungumza Kiingereza cha haraka. Alimpima, akaeleza: jicho la kushoto limezidi kuharibika, atahitaji sindano, na hata kwa sindano huenda lisirudi lilivyokuwa. Sikupunguza hata herufi. Nilimwambia mama yote kama yalivyo, na la mwisho, lile la kutorudi, nililisema mara mbili ili nisiwe nimelilainisha. Mama alitikisa kichwa. Akasema Alhamdulillahi.

Daktari alikuwa na wasiwasi. Aliniuliza kama mama ameelewa kweli, maana wazee wengi, alisema, watoto wao huwaficha. Nikamfasiria mama na hilo.

Mama akacheka, akanishika mkono mbele ya daktari.

"Mwambie asitie shaka," akasema. "Mwambie wengine ndo wanafichwa. Huyu mwanangu mimi hanifichi neno, la kheri wala la shari. Mwambie hivyo hivyo."

Daktari akanigeukia, akisubiri. Mama naye akisubiri, uso wake umeinuliwa upande wa sauti yangu. Nikamfasiria daktari, neno kwa neno, bila kupunguza wala kuongeza.