Mamangu Yuko Eda, Wenzangu wa Uskoti Wamemfanya Mfungwa

Admin, naomba ufiche jina langu na la shule, maana huku Mtopanga tunajuana. Hili sijamwambia mtu, hata rafiki yangu tunayekaa dawati moja. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita na si msemaji. Darasani nikiulizwa jambo, jibu hunijia kwa Kiswahili, na nikishakipata Kiingereza chake mwalimu keshaenda kwa mwingine.

Babangu alifariki mwaka huu, na mamangu angali kwenye eda. Kwa wasiojua, mke akifiwa na mumewe hukaa nyumbani kwa miezi minne na ushei, hajipambi, hatoki ila kwa dharura. Hakuna aliyemfungia mlango. Anamkalia mumewe eda.

Shule yetu ina urafiki na shule moja ya Uskoti. Wenzetu kule wanasomeshwa uraia wa dunia, yaani mtoto aliye mbali ni jirani yako, na akidhulumiwa usinyamaze. Mimi nililipenda sana somo hilo. Sisi huzungumza nao kwa video kwenye chumba cha kompyuta, na kila mmoja wetu ana mwenzake. Wangu nitamwita Ailsa. Ni mpole, hunisubiri nikitafuta maneno, na wala hacheki nikikosea.

Muhula huu tuliambiwa kila mtu arekodi siku moja ya nyumbani kwao, tuwatumie wenzetu. Nikaiegemeza simu dirishani jikoni, nikakaa kwenye mbuzi nikaanza kukuna nazi. Mama akaingia kichwa wazi, nywele hazijasukwa, kajifunga kanga kifuani, maana ni jikoni kwake na tuko wawili tu. Akanitazama akasema, "Wakuna nazi kama waogopa kuiamsha. Hebu ondoka hapo." Akakaa yeye, akaanza kuniigiza ninavyokuna kwa woga, mpaka akacheka. Tangu baba azikwe sikuwa nimemsikia akicheka. Hakujua simu inarekodi. Nilitaka kuikata sehemu hiyo, wallahi, lakini kila nikiitazama nasikia kile kicheko. Nikaituma yote.

Tulipozungumza tena, Ailsa akaniuliza mamangu hufanya kazi gani. Nikasema kwa sasa hatoki nje. Akauliza kwa nini. Nikasema ni dini yetu na mila yetu, hairuhusiwi. Kiingereza changu kiliishia hapo. Mwalimu wao, mwanamume, akasogea karibu na kamera akanishukuru kwa ujasiri wangu. Sikuelewa ni ujasiri gani.

Juzi ilikuja filamu waliyoitengeneza kwa video zetu. Madam anayesimamia mambo hayo akatuonyesha. Mamangu yuko kwenye mbuzi, wamempunguza mwendo, wamemwekea kinanda cha huzuni, na kile kicheko wamekikata. Chini pameandikwa kwamba huyu ni mama asiyeruhusiwa kutoka nyumbani kwake. Kisha wanatokea wao uwanjani kwao, wameshika mabango wakitaka aachiliwe. Ailsa yuko mbele, machozi yanamtoka, na si ya kuigiza.

Jumamosi hii ni siku ya wazazi. Filamu itaonyeshwa ukumbini, ukuta mzima, mbele ya majirani, ami zangu na kila mwanamume wa mtaa. Nikamfuata Madam ofisini. Yeye ni mtu wa bara, mwema kwetu. Nikamwambia naomba mamangu atolewe kwenye filamu. Akasema, "Kwani shida iko wapi? Watoto wa watu wamelia kwa ajili yake, na wewe unaona aibu?" Nilitaka kumwambia mama hana hata mtandio pale. Nilitaka kumwambia mama anamlilia mumewe, hamlilii mlinzi wa jela. Nikasema, "Sawa, Madam," nikatoka.

Nikamwandikia Ailsa kwamba mama yuko kwenye maombolezo na hakufungwa na mtu. Akajibu haraka, "Samahani. Lakini akitaka kwenda dukani leo, anaweza?" Kabla sijajibu akaongeza, "Na wanaume wakifiwa na wake zao, nao hukaa ndani?" Swali si baya, hata mimi nimejiuliza. Lakini kama ni la kuulizwa, aulizwe mamangu mwenyewe, kajitanda na kajiandaa, si kuanikwa ukutani bila kujua. Nikamuomba waitoe. Akasema mwalimu wao ndiye mwenye uamuzi, na huyo mwalimu anajivunia sana kazi hiyo.

Sasa kinachonikosesha usingizi ni hiki. Eda ya mama inaisha Alhamisi. Jana akaniambia, "Kutoka kwangu kwa kwanza naja shuleni kwako. Babako angekuwa hai angekuja yeye, basi nitakuja mimi, nikae mbele." Nikamwambia si lazima, ni siku ya kawaida tu. Akasema, "Wanionea haya mamako?" Nikasema la. Akaniangalia sana.

Nikimwambia leo, namvunja akiwa bado hajamaliza msiba wake, na nahofia hatacheka tena mbele yangu. Nikimdanganya kuwa siku ya wazazi imeahirishwa, majirani watakwenda, na watarudi mtaani wakimsimulia alivyoonekana. Nikimrudia Madam, najijua, nitasimama pale nitasema sawa. Na nikinyamaza, atakaa mbele.

Nyinyi mliokwisha kuwa mama, semeni nami. Mngependa mwanenu awaambie vipi, na aanze na neno gani? Msinitukane, nipeni hilo neno tu.

Nasikia ndara za mama sebuleni, zaja huku. Jirani amemletea dera jipya la Jumamosi, na mama ananiita nikamtazamie kama limemkaa. Nishaitika abee. Nautuma ujumbe huu hivi hivi, naifunika simu.