Binti Asiyepindika

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye duka la steshenari mjini Katesh nikisubiri kutoa kopi. Mbele yangu alikaa mkulima wa Gendabi na binti yake, ambaye alikuwa anaomba kazi ya kutunza stoo ya mahindi. Mchapaji aliandika sifa za binti kwa Kiingereza, akizitamka kwa sauti: "Hardworking, honest, flexible."

"Hilo la mwisho maana yake nini?" mzee akauliza.

"Ni mtu anayepindika, mzee wangu. Anayekubaliana na kila hali."

"Basi litoe. Huyu hapindiki. Mwaka wa njaa nilitaka tule mbegu, akakaa mlangoni mwa ghala akanikatalia. Nilimkasirikia sana. Mvua ilipokuja, tulikuwa na cha kupanda."

Binti aliangalia chini. Mchapaji akatugeukia tuliokuwa kwenye foleni. "Hiyo kwa Kiingereza tunaiitaje?"

Mwalimu mmoja akasema "stubborn", yaani mkaidi, mwenzake akakataa, akasema hilo ni tusi. Mimi nikatoa "principled", mwenye msimamo, ila nilishindwa kumweleza mzee tofauti.

"Andika tu alichofanya," mzee akasema. Mchapaji akaandika hivyo.

Wiki hii mchapaji ameniambia binti aliitwa kwenye usaili. Bosi alimuuliza, "Na mimi nikitaka kutoa gunia bila kibali?"

"Nitakukatalia, baba," akajibu kwa upole.

Kazi amepata. Bosi, nasikia, bado hajaamua kama amefurahi.