Daraja Lililoachwa Wazi

Mwalimu alipenda kulinda. Kwa miaka yote tuliyocheza, kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, sebuleni kwangu Kaloleni, sidhani aliomba kushambulia zaidi ya mara mbili. Yeye alikuwa amefundisha jiografia mpaka alipostaafu, mimi nilikuwa katekista. Mchezo wenyewe niliachiwa na padri mgeni aliporudi kwao: sanduku lenye ramani ya nchi fulani ya baridi, dadu moja, na vipande vidogo vya karatasi ngumu, vyekundu na vya buluu, kila kimoja kikiwa kikosi cha askari. Ramani yote imegawanywa katika vyumba vya pembe sita, kama sega la asali. Wekundu wanatoka mashariki. Wa buluu wanawazuia wasivuke mto mpaka zamu kumi ziishe.

Anayelinda hupanga kwanza, na mwalimu aliamini kwamba vita huamuliwa hapo, kabla dadu haijaguswa. Mara ya kwanza nilipopewa buluu, nilipanga vikosi vyangu vyote ukingoni, bega kwa bega, kutoka juu ya ramani hadi chini. Aliangalia kazi yangu, akavua miwani.

“Katekista, umewapanga kama foleni ya komunyo. Mmoja akianguka, nyuma yake kuna nani?”

Hakukuwa na mtu. Alivuka zamu ya tatu, na kwa wiki nzima akanisalimu kwa kuniuliza habari za foleni.

Kisha akanifundisha, polepole, kama alivyowafundisha watoto wa watu. Kila kikosi hutawala vyumba sita vinavyokizunguka, na adui akikanyaga kimojawapo lazima asimame. Kwa hiyo huna haja ya kujaza mto. Weka kikosi, ruka vyumba viwili, weka kingine. Hapo katikati hapana mtu, lakini hapapitiki. Vikosi unavyookoa kwa njia hiyo unaviweka nyuma, vije kuziba palipobomoka. Kikosi kimoja dhaifu kitangulie barabarani ng'ambo ya mto, kimcheleweshe adui kwa zamu moja, kife. Hicho cha mwisho hakukipenda. Alikuwa akikiweka kwa ncha ya kidole na kukiambia pole. Na juu ya yote, daraja. Mto humsaidia anayelinda kila mahali isipokuwa darajani, kwa hiyo kikosi chenye nguvu kuliko vyote hukaa hapo na hakiondoki.

Baadaye binti yake aliolewa na mwanangu, tukawa wakwe. Nilimshukuru Mungu kwa ndoa ile, na bado namshukuru, ila ilitubadilisha. Kwetu wakwe huheshimiana kwa umbali. Mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake, hamtanii, na akiona kosa lake hulipita kimya au hutafuta mtu mwingine wa kulisema. Alhamisi ya kwanza baada ya harusi tuliketi kama watu wawili kwenye benchi la hospitali. Mwalimu ndiye aliyevunja ukimya. Aligonga meza kwa kidole, akasema kwamba nje ya chumba hiki mimi ni mkwe wake na atanipa heshima yangu yote, lakini hapa mezani hakuna mkwe. Nilikubali kwa furaha. Siku hiyo hiyo akanicheka tena.

Miaka mitatu iliyopita aliniomba jambo. Kaka yake mkubwa alikuwa amefariki baada ya kupotewa na akili, na mwalimu alisema kilichomuumiza si ule ugonjwa, bali jinsi watu wote walivyouona na kunyamaza kwa heshima, mpaka mzee wa watu akawa anajiaibisha kanisani huku kila mtu akitazama kitabu chake cha nyimbo.

“Siku nitakayoacha daraja wazi, uniambie,” alisema. “Usinionee huruma. Utakuwa wa kwanza kuona.”

Nilimwahidi, na si mara moja. Nilimwahidi kwa jina la Mungu.

Alhamisi yenyewe haikuwa na dalili yoyote. Alitembea kutoka kwake Manyatta kama kawaida, akanywa chai, akaulizia wajukuu wetu. Akaanza kupanga. Alichukua muda mrefu, lakini muda mrefu ulikuwa tabia yake. Alipomaliza aliegemea kiti, akaniambia nilete wekundu wangu wafe. Nikaangalia. Kikosi chenye nguvu kuliko vyote kilikuwa kimewekwa kwenye kona ya chini, kando ya ziwa la ramani, mahali ambapo hakuna adui anayeweza kufika. Darajani hapakuwa na mtu. Wala jirani na daraja hapakuwa na mtu. Barabara ilikuwa nyeupe mpaka kwenye mji uliochorwa nyuma ya mto.

Nilidhani ni mtego. Nikautafuta ule mtego, nikahesabu vyumba kwa kidole, nikainua macho. Alikuwa akinitazama kwa uso mwema, akingoja, na nikajua hakuna mtego.

Ningeweza kusema wakati ule. Maneno yalikuwa machache na niliyajua. Lakini niliyemwona mbele yangu hakuwa mwalimu tena. Alikuwa babu wa wajukuu zangu, na ulimi ukakataa. Nikajiambia ni uchovu. Nikapeleka vikosi vyangu juu kabisa ya ramani, mahali alipojipanga vizuri, nikavigonga hapo kwa zamu kumi mpaka vikaisha. Alishinda. Alifurahi kuliko nilivyomwona akifurahi kwa mwaka mzima.

“Bado akili iko, Katekista,” alisema, akirudisha vipande sandukuni. “Hawa watoto wananitisha bure.”

Jumapili yake mke wa mwanangu alinifuata nje ya kanisa. Baba yake alitaka kwenda kwao Bondo peke yake kuangalia shamba, na yeye alikuwa amekataa, kwa sababu mara mbili alimkuta jikoni hajui alichofuata. Sasa mzee anasema amemshinda katekista, aachwe aende.

“Baba, wewe ndiye unayecheza naye,” aliniambia. “Wewe unamwonaje?”

Nikamwambia yuko sawa.

Aliondoka Jumanne asubuhi na hakufika shambani. Tulimtafuta siku mbili. Alipatikana ufukweni mwa ziwa, mbali na Bondo, ameketi kati ya wanawake wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani, kiatu kimoja mguuni, miguu imevimba. Walikuwa wamempa maji na kumfunika leso kichwani kwa ajili ya jua. Mungu awabariki, siwajui hata mmoja. Aliwaambia anasubiri kengele ya shule ilie.

Hakurudi tena kuwa yule wa zamani. Madaktari walisema ingekuja hata kama asingesafiri, na huenda ni kweli. Lakini jua la siku mbili na hofu ya siku mbili nilimpa mimi. Niliungama kwa padri. Kisha nikaenda kwa mke wa mwanangu, nikamweleza habari za daraja, kila kipande mahali pake. Hakunilaumu. Yeye naye alikuwa na heshima yake ya kunipa. Aliniandalia ugali na samaki, akatoka, akaketi kizingitini akinipa mgongo mpaka nilipomaliza kula. Afadhali angenisema.

Sasa mwalimu anakaa Bondo kwa mwanawe wa mwisho. Naenda mara moja kwa mwezi na sanduku, na narudi siku hiyo hiyo, kwa sababu siwezi kulala kwa mkwe. Mara nyingi hufurahia rangi tu. Lakini mwezi uliopita alianza kupanga vikosi vya buluu mwenyewe, kimoja baada ya kingine, bega kwa bega ukingoni, kama nilivyopanga mimi siku ile ya kwanza. Vilipokwisha, daraja lilikuwa tupu.

Nilimshukuru Mungu kwa kunirudishia nafasi hiyo, ingawa haikuwa tena na faida kwa yeyote.

“Mwalimu,” nikasema, “umeacha daraja wazi.”

Aligusa ile barabara kwa kidole.

“Nani anakuja?”

“Ni mimi.”

“Basi liache,” alisema.

Sijui alinitambua au alikuwa amechoka tu. Nilichukua kikosi kimoja chekundu, nikakivusha, chumba baada ya chumba, kama nilivyopaswa kufanya ile Alhamisi. Alikifuata kwa macho mpaka kikaingia mjini. Halafu akaniuliza kwa upole mimi ni mwana wa nani, na nikamjibu, na mke wa mwanawe akatuletea uji.